Kifaransa cha Maharage

Maharage ukiyasahau kwenye maji, kwa joto hili la Dar, hayakungoji. Leo asubuhi nimefunua beseni jikoni nikapokewa na ile harufu, chachu fulani hivi kama ya kitambaa cha kufutia meza kilicholala na unyevu, na povu limejikusanya juu. Niliyaloweka juzi jioni nikasema jana nitayapika. Jana nikarudi kazini nimechoka hata viatu sikuvua, nikapitiliza kitandani. Basi nimeyamwaga. Lakini pale nilipoinamia sinki, maji yale yakishuka, nikajikuta niko Mbagala, mdogo, nimechuchumaa uani kwetu, na mwanamke mgeni amesimama mbele yangu ananiuliza kwa lugha isiyo yangu kesho tunakula nini.

Wenzangu wa rika langu swali hilo mnalijua. Kupika mtu unaweza ukapika hata umefumba macho. Kinachomaliza nguvu ni kuwaza kipikwe nini, leo, kesho, keshokutwa, mpaka unaingia kaburini na hakuna aliyekusaidia kuwaza. Mie nililianza mapema kuliko wengi wenu, na kwa muda fulani nililijibu kwa Kifaransa.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Aliugua muda mrefu, kwa hiyo jiko lilishahamia mikononi mwangu kabla hajaondoka. Alikuwa analala kwenye mkeka mlangoni, amejiegemeza kwenye fremu, ananielekeza kwa sauti iliyobaki kidogo: ongeza maji, punguza mkaa, usifunuefunue. Tukampeleka Moshi kumzika, kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama ilivyo desturi yetu Wachaga, na tuliporudi Mbagala niliingia jikoni moja kwa moja na nguo za msiba. Baba alikuwa na njaa na hapakuwa na mwingine.

Kila jioni Baba aliniuliza, "Mama, kesho tunakula nini?" Aliniita mama kama wababa wengi wanavyowaita binti zao, na hakuniuliza kwa ubaya. Nyumba yetu chakula cha kesho kiliamuliwa leo, maana maharage lazima yalale kwenye maji, dagaa lazima watolewe vichwa, na nazi lazima inunuliwe duka halijafungwa. Lakini swali lile lilikuwa linanikuta kila siku nimeshaishiwa. Darasani nilikuwaga nalala. Mwalimu akinipigisha magoti mbele ya ubao, nalala hivyo hivyo nimepiga magoti, wenzangu wanacheka. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, nimechoka? Mtoto anachoka na nini?

Kisha Baba akaleta mke.

Baba alikuwa karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha bandarini, na wateja wao wengi walikuwa wafanyabiashara kutoka Kongo. Mmoja wa hao alikuja na dada yake. Mizigo ikatoka bandarini, kaka mtu akarudi kwao, dada mtu akabaki. Ya katikati sikuelezwa, na enzi zile mtoto hukuuliza. Siku moja tu Baba akafungua mlango, nyuma yake amesimama mwanamke mrefu mwenye vitenge viwili vikali na chupa ya mawese iliyoganda, nyekundu kama tofali. Baba akasema, huyu ni mama yako mdogo. Nikamwamkia shikamoo. Akanishika shavu, hakujibu.

Nikadhani ana maringo. Kumbe hakujua anatakiwa kujibu nini. Watu husema Wakongo wote wanajua Kiswahili. Huyu alikuwa wa Kinshasa, kwao ni Kilingala na Kifaransa, na Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji ya kunywa. Siku ya pili alipika kisamvu kwa yale mawese, nyumba nzima ikanuka kitu nisichokijua. Baba alikula matonge mawili, akanywa maji, akasema kashiba. Mama Mdogo alimtazama, akaitazama sufuria. Tangu hapo hakupika chochote bila kuja kuniuliza mimi, mtoto. Nami sikuelewa anachoniuliza.

Ndipo Baba akanikalisha. Nakumbuka miguu yake ilikuwa kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, ndivyo alivyofanya kila akitoka bandarini. Akaniambia atanifundisha maneno machache nimsaidie Mama Mdogo kujua nyumba yetu inakula nini na inapangaje. Ila akaanza na onyo.

"Wewe ni mtoto, yeye ni mtu mzima," akasema. "Humwambii pika hiki. Unampa wazo, mwenyewe anaamua."

Na kweli, Kifaransa chote alichokuwa nacho Baba kilikuwa cha kutoa mawazo. Alikipata kaunta. Mteja haambiwi fanya hivi. Anaambiwa ningekuwa wewe ningefanya hivi, afadhali meli ya wiki ijayo, ingefaa ulipie mapema. Hakujua kusema kichwa kinaniuma, na nilikuja kuwaza baadaye kwamba hata nakupenda sijui kama alikuwa nayo. Alijua kumshauri mtu kwa upole asijute. Basi tukatoa makontena, tukaweka mboga.

*On pourrait faire du riz*, tunaweza kupika wali. *Tu devrais acheter une noix de coco*, ingefaa ununue nazi. *Il vaut mieux du poisson*, afadhali samaki. Na ile ndefu niliyoipenda kuliko zote: *À ta place, je ferais des haricots*. Ningekuwa wewe, ningepika maharage. Mara ya kwanza kuitamka hii Baba alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika sakafuni. Alikuwa hajacheka tangu tutoke Moshi. Nikairudia makusudi, kwa mbwembwe zaidi, ili acheke tena, na nilikuwa naipiga hivyo hivyo siku zote, kwa lafudhi yangu ya Mbagala, herufi zote zinasikika hadi zisizotakiwa.

Nilijifunza haraka. Nachambua mchele huku nasema, naenda shule nasema, nafua soksi nasema. Jioni Mama Mdogo anakuja uani, anakusanya kitenge, anachuchumaa mbele yangu kama tuko sawa. "Maman," ananiambia, maana na yeye kwao mtoto wa kike huitwa mama, "on mange quoi demain?" Kesho tunakula nini, swali lile lile la Baba. Nami namshauri. Anaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, anakwenda kuandaa. Mtu mzima ananisikiliza! Siku za mwanzo nilivimba kichwa kabisa.

Halafu Shangazi akaja kumwona mgeni.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, mwalimu huko huko Moshi, na Baba mwenyewe alikuwa akimwogopa. Alikaa siku kidogo, akatazama kila kitu, hakusifu kitu. Jioni ya kuamkia safari yake nilikuwa naosha vyombo chini ya dirisha la sebuleni, nikamsikia akimwambia Baba, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba shule zikifungwa anakuja kumchukua mtoto. Baba akamjibu kwa Kichaga. Na Shangazi naye akahamia Kichaga, wakazama huko, muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka.

Hapa mnielewe. Sie tuliozaliwa Dar na wazazi wa bara, lugha ya kwao tunaisikia kama redio ya jirani: unajua kuna ugomvi, hujui wanagombea nini. Na wazazi wanajua kwamba hatujui, ndiyo maana wakitaka kusema jambo letu wanahamia huko. Kwa hiyo mie nilipata sentensi moja tu, anakuja kumchukua mtoto. Sababu yake nikajitungia mwenyewe, mikono iko kwenye sabuni.

Nilivyojitungia ni hivi. Mwanamke mwingine ameingia. Bado hajajua vyakula vyetu, ndiyo maana bado nahitajika. Siku atakapovijua vyote, mie kazi yangu imekwisha, napandishwa basi kwenda kwa Shangazi, kwenye ile nyumba ambayo watoto wanaamka kiza hakijaisha kwenda kukatia ng'ombe majani. Niliyaogopa majani, sikatai. Lakini zaidi nilimwogopea Baba, nani angejua kwamba hali bamia na hasemi? Na zaidi ya hapo, nyumba ile ndiyo iliyokuwa imebaki na Mama. Fremu ya mlango aliyoegemea ilikuwa bado na doa la mafuta ya nywele zake. Nilikuwa nimeshampoteza mtu mmoja, sikuwa na nguvu za kupoteza na mlango.

Basi nikaamua kubana. Kichwani nilikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, mtori, machalari, hizo ndizi zetu za nyama ambazo Mchaga akizikosa anaumwa. Vyote nikavifungia. "Maman, on mange quoi demain?" Maharage. Kesho yake, dagaa. Keshokutwa, *à ta place, je ferais des haricots*. Mtoto akiwa na hofu akili yake huishia hapo, sijilaumu wala sijisifu.

Mama Mdogo alitii. Jamani, alitii! Aliitikia kwa kichwa kila jioni kana kwamba nimemletea wazo jipya, akachota maharage kwenye debe, akayachambua, akayaloweka. Baba akaanza kuuliza mezani, "Maharage tena?" Mama Mdogo ananitazama mimi, mimi natazama bakuli, Baba anakula, maana Baba alikula kilichowekwa mbele yake. Na kwa kweli maharage yale yalikuwa yanazidi kuwa matamu. Alikuwa ameshajua tui zito linatiwa lini na hoho inakatwaje. Hilo nalo likanitia wasiwasi, nikawa natoka shule mbio ili nifike jikoni kabla hajagusa sufuria. Nakuna nazi, napuliza moto, nakoroga. Ananiashiria nikapumzike, nakataa. Nilikuwa nimechoka mpaka kijiko kinanitoka mkononi, lakini kuondoka pale nilikuona ni sawa na kufunga begi langu mwenyewe.

Kitu kingine kilikuwa kinaniudhi. Vidole vyake vilianza kuwa vyeusi, pembezoni mwa kucha na kwenye mikunjo ya gumba, weusi usiotoka kwa sabuni. Nikaamini ni piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Pale kona kulikuwa na Mama Neema, Mchaga mwenzetu, aliyeuza ndizi mbichi kwenye meza ya mbao, na niliwahi kumkuta Mama Mdogo amekaa kwake, wanacheka wawili hao wasio na hata neno moja la pamoja. Nikajua tu: mie niko shule nasinzia, yeye anashinda kwa Mama Neema anapakwa piko. Nikamwona mvivu, mtu wa kujipamba. Roho iliniuma mno, kwa sababu Mama alikuwa hajipambi.

Shule zikafungwa. Jumamosi ya kwanza tu, Baba yuko bandarini, Shangazi akaingia na kibegi chake kidogo. Hakutangaza kwamba anakuja. Nikamwamkia, nikampokea, nikampa maji. Akanishika mikono, akaigeuza, akatazama viganja vyangu muda mrefu. Vilikuwa na alama za kuungua na sugu za mbuzi ya kukunia nazi.

"Funga nguo zako, mwanangu," akasema. "Kesho asubuhi tunaondoka."

Sikuwahi kumuuliza mtu mzima kwa nini. Siku ile nilimuuliza.

"Kwa sababu wewe ni mtoto," Shangazi akasema. "Nilimwambia baba yako, huyu mama akijua kuilisha nyumba hii, wewe utabaki, utasoma. Akishindwa nakuchukua, siwezi kukuacha uzeekee jikoni na mama yako hayupo. Sasa nimepita hapo dukani naambiwa nyie ni maharage na dagaa, dagaa na maharage, na mpishi ni wewe."

Yaani miezi yote ile nilikuwa nafunga begi kwa mikono yangu mwenyewe, nalikaza na kamba, na hakuna hata mmoja aliyehama lugha akaniambia.

Nikatoka uani. Mama Mdogo alikuwa ameinamia jiko la mkaa, maharage yanachemka, kwani jana yake ndivyo nilivyomshauri. Nikasimama mbele yake. Nilitaka kumwambia kila kitu, Shangazi, begi, basi, mlango wa Mama. Lakini Baba hakunipa Kifaransa cha hayo. Nilichokuwa nacho ni ushauri wa chakula cha mchana.

"Il vaut mieux des bananes," nikasema. Afadhali ndizi. Akanyanyua uso. "Avec la viande. Des bananes. À ta place..." Ndizi kwa nyama. Machozi yakaingia mdomoni. "À ta place, je ferais des bananes."

Akanitazama. Akatazama mlango wa sebule, akakisikia kikohozi cha Shangazi. Sijui alielewa kiasi gani, lakini aliinua ile sufuria ya maharage akaiweka chini, akajifunga kitenge upya, akatoka kwa mlango wa nyuma. Aliporudi alikuwa na mkungu mdogo wa ndizi mbichi na nyama ya bucha kwenye gazeti. Nikawaza imekwisha, hajui hata zinamenywaje, utomvu utamganda mikononi na Shangazi ataona. Mama Mdogo akamimina mafuta ya kupikia kiganjani, akajipaka mpaka kwenye viwiko. Akakata kichwa cha ndizi, akakata mkia, akapitisha kisu mgongoni mara moja tu, ganda likavuka lote kwa pamoja. Akaitumbukiza kwenye maji ya chumvi, akachukua nyingine. Kwa kasi ile mtu angesema kazaliwa Machame, Uchagani. Na gumba lake lilivyopita kwenye ganda nikauona utomvu mpya unaingia kwenye mikunjo ile ile, juu ya weusi ule ule.

Haikuwa piko. Alikuwa anamenya ndizi kwa Mama Neema, mchana kwa mchana, mie nikiwa shuleni.

Nikanyoosha mkono kuchukua kisu cha pili, kwa mazoea. Akakisogeza mbali. Akavuta kile kigoda kifupi, akakiweka kivulini kando ya ukuta, akanishika mabega, akanikalisha. "Assieds-toi," akasema. Neno hilo Baba hakunifundisha, na sikuhitaji kufundishwa. Nikakaa. Tangu Mama augue nilikuwa sijawahi kukaa wakati mtu mwingine anapika. Nikausikia ukuta mgongoni, wa moto kidogo, nikasikia kitunguu kinaingia kwenye mafuta. Cha tatu sikusikia, nilikuwa nimelala.

Yaliyofuata najua kwa sababu Shangazi aliyasimulia kila Krismasi tukienda nyumbani, mpaka uzee ukamchanganyia mengine. Alisikia harufu, akainuka kwenda kuona huyo mgeni anazifanya nini ndizi za watu. Alipofika mlango wa uani alinikuta nimeegemea ukuta, mdomo wazi, udenda unatoka. Mama Mdogo ameinama, mkono mmoja anapepea mkaa, mkono wa pili ameshika ncha ya kitenge anaukingia moshi usije usoni kwangu. Hakujua kama anatazamwa. Shangazi anasema alisimama pale mpaka magoti yakamuuma, kisha akarudi sebuleni akakaa.

Niliamshwa na Baba. Machalari yalikuwa mezani, yanatoa moshi, mchuzi umeshika ndizi vizuri. Shangazi akala bila kuinua macho. Mama Mdogo hakula, alikuwa ameshika kitambaa anakikunja na kukikunjua.

"Chumvi imepungua," Shangazi akasema, akajipakulia tena.

Alipomaliza alinawa, akamgeukia Baba. Baba alianza kusema neno kwa Kichaga, Shangazi akamkatiza kwa Kiswahili, taratibu, kila mtu pale asikie.

"Mtoto abaki."

Mama Mdogo alinitazama mimi. Kiswahili kile hakukipata, na Baba alikuwa amefunika uso kwa viganja. Ilikuwa juu yangu kumweleza, na sikuwa na maneno ya kubaki kwa Kifaransa. Nikatoka uani, nikachukua kile kigoda, nikakiingiza ndani, nikakiweka karibu na miguu yake, nikakaa. Akaelewa. Akaninyooshea nywele kwa vidole vile vya utomvu.

Miaka ikapita, Kiswahili akakipata, tena kile cha Mbagala chenyewe, cha kubishana na wauza mchicha. Siku moja tunachambua mchele nikamuuliza, Mama, kama ulishajua ndizi, kwa nini ulikuwa unatupikia maharage?

"Wewe ulisema maharage," akasema. "Jiko nilikukuta nalo. Ningekukatalia, ningelala wapi?"

Kumbe naye alikuwa na begi lake kichwani. Wawili sisi tulikuwa tunaviziana kila jioni juu ya beseni moja, kila mmoja anaomba asifukuzwe.

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Mtoto wake ni mie. Baba alipotangulia alibaki na nyumba ya Mbagala, hakutaka kuhama, mpaka kiharusi kilipompiga nikamleta hapa kwangu Boko. Mkono wa kulia ulilegea, na Kiswahili kikaondoka chote, kama hakuwahi kukijua. Daktari alisema hutokea hivyo, kilichokuja mwisho kinaweza kutangulia kuondoka. Amebakiwa na Kilingala, ambacho hapa hakuna anayekijua, na Kifaransa. Na Kifaransa changu mie ndicho hicho. Siwezi kumuuliza panapouma. Siwezi kumwambia asiogope. Naweza kumshauri kuhusu chakula.

Na chakula ndicho alichokikataa. Wiki hizi anafunga midomo, anageukia ukutani. Daktari amesema wazi kwamba asipokula hatutakuwa naye muda mrefu. Natoka kazini, napita foleni ya Barabara ya Bagamoyo, naingia na bakuli, tunashindana pale mimi na yeye mpaka uji unapoa. Nimechoka, niseme tu ukweli. Kuna jioni nakaa bafuni nimefungua bomba ili watoto wasinisikie.

Jioni hii nimemwambia yote niliyo nayo. *Tu devrais manger un peu*, ingefaa ule kidogo. *Il vaut mieux*, afadhali hivi, afadhali vile. Ukuta. Nikaweka bakuli sakafuni, na bila kupanga nikachuchumaa pale kando ya kitanda nikamuuliza swali lake mwenyewe.

"Maman, on mange quoi demain?"

Akageuka. Alinitazama sana, macho yakitafuta. Labda ile harufu ya asubuhi ilimfikia chumbani, sijui. Ule upande wa mdomo uliobaki mzima ukaanza kusogea.

"À ta place," akasema, pole pole, na hakikuwa Kifaransa cha Kinshasa, kilikuwa kile changu, herufi zote zinasikika, cha mtoto wa darasa la nne wa Mbagala, "je ferais des haricots."

Nilicheka mpaka nikalia. Nikampelekea kijiko, akapokea. Cha pili akapokea. Tukafika nusu bakuli, nikasimama haraka niende nikaloweke maharage kabla usingizi haujanishinda tena kama jana. Mkono wake wa kushoto ukaikamata kanga yangu, ukanivuta chini.

"Assieds-toi," akasema.

Nikakaa.